MRI ya tezi dume haimalizi kazi ya kinyama

Ile meseji ya "ukipiga MRI inatosha, ukikubali kuchukuliwa kinyama saratani inasambaa" imerudi tena kwenye magrupu. Jamani, tuelewane kidogo. Kinyama ni kipande kidogo cha tezi dume kinachotolewa kwa sindano ili kipimwe saratani. MRI ni kipimo cha picha, inatumia sumaku na mawimbi ya redio, haina mionzi kama eksrei, na kweli ni msaada mkubwa, lakini inachoonyesha ni sehemu ya kutilia shaka tu, na hata uvimbe wa maambukizi unaweza kuonekana kama saratani. Ukiwa na ripoti yako angalia alama ya PI-RADS (inayoonyesha kiwango cha shaka ya saratani), inaanzia 1 mpaka 5, hiyo 5 maana yake uwezekano ni mkubwa sana, sio kwamba imethibitishwa, kuthibitisha ni kinyama kikaangaliwe maabara kwa hadubini.

Mkanganyiko unatokana na ukweli nusu, wengine MRI ikiwa safi na PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) iko chini daktari anaahirisha kinyama, na wengine wanapima wakiwa wamechelewa, saratani imeshasambaa, halafu sindano ndo inabebeshwa lawama (damu na maambukizi yanaweza kutokea, hilo hatukatai). Ukiipata tena usiifowadi, muulize daktari wako alama yako ni ngapi.