Umechangia damu kwa utafiti wa jeni? Soma kabla ya kudai majibu

Tangu kampeni ya kuchangia sampuli ianze, lalamiko linalotufikia ni lile lile: "Nilitoa damu, majibu yangu yako wapi?" Majibu hakuna. Maabara ya utafiti haipimi wagonjwa, na fomu ya ridhaa inaeleza hivyo. Tunaomba isomwe kabla ya kutiwa saini.

Tunachochunguza ni udhibiti wa jeni. Seli ya ini na seli ya neva zina jeni zile zile, takriban 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini; tofauti ni zipi zinafanya kazi na zipi zimezimwa. Ugonjwa unaweza kuanzia kwenye udhibiti huo, na tiba pia. Chukua selimundu. Kijusi hutumia himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) yake maalumu, ambayo hupungua baada ya mtoto kuzaliwa, na protini BCL11A ni mmoja wa wazimaji wake wakuu. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, haigusi kasoro ya selimundu yenyewe. Inapunguza BCL11A katika seli zinazozaa chembe nyekundu, himoglobini ya kijusi ikarudi.

Kwa tiba hiyo, seli za mgonjwa hutolewa, huhaririwa nje ya mwili, kisha hurudishwa baada ya dawa kali za kusafisha uboho. Sindano ya kuchukulia damu haiwezi kubadilisha jeni za mtu. Swali la kama sindano yetu inabadilisha jeni tumelijibu, kwa heshima zote, mara nyingi mno.

Sasa utaratibu. Chupa ya damu hupewa namba mbele yako. Jina hubaki kwenye rejista inayofungiwa mbali na maabara. RNA, yaani nakala inayotolewa na jeni inayofanya kazi, huharibika upesi, na vimeng'enya vinavyoiharibu vimo hata kwenye ngozi ya vidole, ndiyo maana mtaalamu aliyeshika kitasa au simu hubadilisha glavu kabla ya kuendelea. Kisha sampuli huwekwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Namba ikitofautiana na ya fomu kwa tarakimu moja tu, sampuli hukataliwa na taarifa ya tukio huandikwa siku hiyo hiyo. Mtumishi anayefunua jina bila kibali huondolewa kwenye mradi, na kamati ya maadili inaweza kuusimamisha mradi wote.

Kujitoa unaruhusiwa, bila kueleza sababu. Njoo na kikaratasi chenye namba yako. Bila hicho kuisaka sampuli huchukua muda. Damu iliyobaki itapitishwa kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) kwa nyuzi 121, kisha itateketezwa. Matokeo yaliyokwisha kuchapishwa hayafutiki.

Damu ya ndugu uliyoichukua nyumbani hatuipokei, hata kama ameridhia kwa simu. Na kujua baba wa mtoto ni nani, hapa si mahali pake.