Kipandikizi cha usikivu: miaka inayopotea kabla mtoto hajapimwa

Tangu Juni 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikifanya upasuaji wa kupandikiza kifaa cha usikivu ndani ya sikio, huduma ambayo kabla ya hapo Mtanzania aliyeihitaji alilazimika kuifuata nje ya nchi, mara nyingi India. Safari ya kuvuka bahari imepungua, lakini kuna nyingine iliyobaki ndefu vilevile, nayo ni ile inayoanzia siku mama anaposhuku kwamba mwanawe hasikii hadi siku mtoto huyo anapopimwa masikio kwa mara ya kwanza. Katika kipindi hicho, ambacho aghalabu huhesabiwa kwa miaka, ndipo watoto wengi wanapopoteza nafasi ya kunufaika na kifaa hiki. Kwa hiyo makala haya yanawalenga wazazi na, kwa uzito uleule, wahudumu wa zahanati, vituo vya afya na kliniki za mama na mtoto, kwa sababu wao ndio wanaoulizwa swali la kwanza.

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma na vile vijifupa vitatu, kuna mrija wa mfupa uliojiviringa kama gamba la konokono, unaoitwa koklea. Una mizunguko takriban miwili na nusu, umejaa maji, na ndani yake zimepangwa seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo. Sauti ikifika huko, vinyweleo hutikisika, na mtikisiko huo hugeuzwa kuwa umeme hafifu ambao neva ya usikivu huupeleka kwenye ubongo. Seli hizo zikifa hazioti tena. Zikiwa zimebaki za kutosha, shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, huweza kumsaidia mtu vizuri. Zikiwa zimekufa zote au karibu zote, kukuza sauti hakuna faida, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuipokea. Kipandikizi huziruka seli hizo na kuisisimua neva moja kwa moja kwa umeme.

Kifaa kina sehemu mbili. Ya nje huvaliwa nyuma ya sikio na ina maikrofoni na kichakata sauti, pamoja na kisahani kinachoshikwa kichwani kwa sumaku. Ya ndani huwekwa chini ya ngozi kwa upasuaji unaochukua saa chache mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, na kutoka kwenye sehemu hiyo uzi mwembamba wenye vituo vya umeme, kati ya 12 na 22 kulingana na aina, huingizwa ndani ya koklea. Teknolojia hii haikuzaliwa jana. Majaribio ya kwanza ya kuisisimua neva ya usikivu kwa umeme kwa kifaa kilichopandikizwa yalifanywa na madaktari Djourno na Eyriès mjini Paris mwaka 1957, na daktari Graeme Clark alipandikiza kifaa chake cha kwanza chenye vituo vingi mjini Melbourne mwaka 1978. Leo watu zaidi ya milioni moja duniani wamewekewa.

Hata hivyo, mtu hatoki chumba cha upasuaji akiwa anasikia. Kidonda huachwa kipone kwanza, na sehemu ya nje huwashwa baada ya wiki tatu au nne. Siku hiyo familia huja na matumaini makubwa, wengine wakiwa na simu mkononi tayari kupiga picha za video, na mara nyingi wanachokiona ni mtoto anayelia, anayeshika kichwa, au anayeacha kucheza ghafla na kukodoa macho. Hilo ni jambo la kawaida, kwani ubongo wake umepokea kitu ambacho haujawahi kukutana nacho. Kuanzia hapo mtaalamu wa usikivu hurekebisha viwango vya sauti hatua kwa hatua katika mahudhurio mengi, hasa mwaka wa kwanza, huku mtoto akifundishwa kusikiliza na kuongea. Mzazi aliyeambiwa kwamba upasuaji ndio mwisho wa kazi amedanganywa.

Ubongo nao una muda wake. Sehemu inayopaswa kupokea sauti isipoletewa sauti katika miaka ya mwanzo, huanza kutumika kwa kazi nyingine, hususan ya kuona. Mtoto aliyezaliwa kiziwi akiwekewa kipandikizi kabla ya kutimiza miaka 3 na nusu, njia za usikivu katika ubongo wake huwa na nafasi nzuri ya kukua kama za wenzake wanaosikia. Akiwekewa baada ya miaka 7, nafasi hiyo huwa imepungua sana. Ndiyo sababu Marekani, iliyoruhusu kifaa hiki kwa watoto wa kuanzia miaka 2 mwaka 1990, ilishusha umri huo hadi miezi 12 mwaka 2000 na, kwa baadhi ya aina za kifaa, hadi miezi 9 mwaka 2020. Kwetu bado kuna watoto wanaofikishwa kliniki ya masikio kwa mara ya kwanza wakiwa wamefikia umri wa kuanza shule.

Kuchelewa huko hakutokani na wazazi kutowajali watoto wao. Kwanza, uziwi wa mtoto mchanga hauonekani kwa macho. Mtoto kiziwi hulia, hucheka, na katika miezi ya mwanzo hutoa sauti za kitoto kama wengine. Ni baadaye, wakati mwenzake anaanza kurudia silabi, ndipo sauti zake zinapopungua badala ya kuongezeka. Pili, familia nyingi humpima mtoto nyumbani kwa kugonga sufuria au kupiga makofi nyuma yake, na majibu ya kipimo hicho hupotosha. Mtoto aliyeketi sakafuni huhisi mtetemo wa sufuria mwilini, huona kivuli cha mkono ukutani, huhisi upepo wa makofi shingoni, au huona macho ya dada yake yakielekea nyuma, naye hugeuka. Wengine husikia kweli mlango ukibamizwa au ngurumo ya radi, lakini hawasikii kabisa sauti nyembamba kama za herufi s, sh na f, ambazo bila hizo maneno hayaeleweki. Familia inashangilia kwamba mtoto anasikia, na mwaka mwingine unapita.

Tatu ni ushauri. Mama huambiwa asubiri, eti hata baba yake alichelewa kuongea. Mwingine huambiwa mtoto ana udata, ule utando ulio chini ya ulimi, akapelekwa kukatwa, ilhali utando huo hauwezi kumzuia mtoto kusikia jina lake. Na zaidi ya hayo kuna lawama: mama hushutumiwa kwamba alikosa jambo fulani wakati wa ujauzito, au kwamba ukoo wake ndio wenye kasoro, hata anaona aibu kumpeleka mtoto hospitali. Ukweli ni kwamba uziwi wa kurithi mara nyingi hutokea pale baba na mama, wote wawili wakiwa wanasikia, wanapobeba kinasaba kilekile bila kujua. Hakuna wa kulaumiwa hapo.

Dalili za kuzingatia ni chache na hazihitaji chombo chochote. Mtoto wa miezi 9 asiyegeuka anapoitwa na mtu asiyemwona, wa mwaka mmoja asiyerudia silabi kama ba-ba au da-da, wa mwaka mmoja na nusu asiye na neno hata moja, na wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, wote wapimwe. Hakuna umri ulio mdogo mno kwa kipimo. Mtoto mchanga hupimwa akiwa amelala, kwa kuwekewa kijibomba laini sikioni kinachorekodi mwitikio wa koklea, au kwa kubandikwa vihisio kichwani vinavyosoma mwitikio wa neva na ubongo kwa sauti. Hakuna sindano wala maumivu. Lengo linalokubalika kimataifa ni kwamba mtoto achunguzwe kabla ya mwezi 1, uziwi uthibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6.

Kwa wahudumu wa afya, naomba niseme wazi kuhusu kundi moja. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo asiruhusiwe kutoka wodini bila kupangiwa kipimo cha usikivu, na kipimo hicho kifanyike haraka. Ugonjwa huo huweza kuua seli za koklea, kisha koklea yenyewe ikaanza kujaa mfupa ndani ya wiki au miezi michache, na ikishajaa, uzi wa kipandikizi hupita kwa shida au haupiti kabisa. Mara nyingi mtoto akirudi nyumbani hajibu akiitwa, watu hudhani bado ni mdhaifu, na kumbe kila mwezi unaopita unamfungia mlango. Wengine wanaostahili kufuatiliwa kwa karibu ni watoto waliozaliwa njiti, waliochelewa kulia baada ya kuzaliwa, waliopata manjano kali, na waliotibiwa kwa dawa zinazoweza kudhuru sikio kama jentamaisini. Dawa hiyo huokoa maisha ya watoto wachanga, na hakuna anayesema isitolewe. Kinachotakiwa ni kuandika kwenye kadi ya kliniki kwamba ilitolewa na kwamba mtoto huyu apimwe masikio.

Si kila kiziwi anafaa kuwekewa kipandikizi. Mgonjwa hupimwa usikivu, hujaribiwa kwanza kwa shimesikio kwa muda, kisha hupigwa picha za kuonyesha umbo la koklea na kuthibitisha kwamba neva ya usikivu ipo, kwani wapo wachache wanaozaliwa bila neva hiyo na kwao kipandikizi hakina kazi. Hupewa pia chanjo ya kuzuia vimelea vya nimonia, ambavyo husababisha vilevile homa ya uti wa mgongo. Mtu mzima aliyeziwika baada ya kujua kuongea hunufaika sana, na umri wa uzee pekee si kizuizi. Anachopaswa kuogopa ni kukaa miaka mingi kimya kabla ya kutafuta msaada.

Jambo linalozungumzwa kidogo mno ni maisha na kifaa baada ya hospitali. Kifaa chenyewe hugharimu makumi ya mamilioni ya shilingi, na hata pale familia inapopata msaada wa kukinunua, betri huchoka, nyaya hukatika, na vipuri havipatikani duka la jirani. Familia iulize bei na upatikanaji wa vipuri kabla ya upasuaji, maana kipandikizi ambacho sehemu yake ya nje imelala kabatini hakimsaidii mtoto kwa lolote. Katika miji ya pwani, jasho na unyevu huharibu vifaa haraka, hivyo kila usiku sehemu ya nje iwekwe ndani ya kopo lenye chembe za kunyonya unyevu. Ivuliwe wakati wa kuoga. Mtandio mzito au kofia ikifunika maikrofoni hupunguza sauti. Kila asubuhi mzazi aketi kando ya mtoto, asionwe mdomo, atamke sauti sita, yaani m, u, i, a, sh na s, huku mtoto akionyesha kila anayoisikia. Zoezi hilo huchukua dakika moja tu, na mtoto aliyesikia zote jana akikosa mbili leo, kifaa kina tatizo na kipelekwe kuangaliwa.

Wazazi huuliza pia kama lugha ya alama itamzuia mtoto kuongea. Mtoto anahitaji lugha tangu siku za mwanzo, na muda wa kusubiri vipimo, fedha na upasuaji usiwe muda wa kukaa bila lugha yoyote. Lugha ya alama ni lugha kamili, na kwa watoto ambao kipandikizi hakiwafai au kimechelewa mno, ndiyo njia yao ya kwenda shule na kuishi na wenzao. Familia nzima ijifunze.

Mzazi anayeshuku kwamba mtoto hasikii, na akaambiwa asubiri, ana haki ya kuomba rufaa ya maandishi kwenda kliniki ya masikio, pua na koo ya hospitali ya mkoa au ya rufaa. Mhudumu anayeiandika asitosheke na maneno “mtoto haongei”. Aandike umri wa mtoto, lini familia ilianza kushuku, magonjwa aliyougua, dawa za sindano alizopewa, na kama kuna kiziwi mwingine katika ukoo, kwa sababu taarifa hizo ndizo zitakazoamua mtoto apimwe wiki hii au apangiwe foleni ya kawaida.