Mtoto wangu wa miaka 4 ameshazibwa meno, sasa nimpe mtindi wenye probayotiki?

Probayotiki ni nini?
Ni bakteria hai wenye faida mwilini. Wamo kwenye baadhi ya mtindi, na siku hizi wanauzwa pia kama vidonge vya kumung'unya.

Na wanaotoboa meno?
Anayejulikana zaidi ni *Streptococcus mutans*. Anakula sukari, anatoa asidi, asidi inalainisha jino hadi linatoboka. Mtoto hazaliwi naye. Mara nyingi anampata kwenye mate ya anayemlea, kwa kijiko kilekile cha kuonjea uji.

Matundu yote yamezibwa. Si wameisha?
Hapana. Tumeondoa uozo, tumeziba tundu. Bakteria wengine wamebaki kwenye utando wa meno na ulimi, wanasubiri sukari. Halafu mtoto anashuka kwenye kiti, na kabla hajafika getini kashanunuliwa ubuyu kwa sababu hakulia! Jamani, wazazi.

Probayotiki zitawamaliza?
Haziwamalizi. Baadhi ya tafiti kwa watoto zimeona mutans wakipungua kipindi cha matumizi, nyingine hazikuona tofauti ya maana. Ukiacha kumpa, hao bakteria wazuri nao hawakai sana mdomoni. Maziwa mgando yasiyo na sukari ni chakula kizuri, mpe. Yale ya kikopo yenye ladha ya stroberi, soma kwanza kilichoandikwa ubavuni.

Ila mtindi unaweza kutibu tundu dogo?
Hapana. Mtindi hauzibi jino. Vidonge havizibi jino. Karafuu haizibi jino. Jino likishatoboka linataka daktari wa meno, na kila wiki unayojaribu kitu kingine tundu linasogea kwenye mshipa.

Si meno ya utoto, yatang'oka tu?
Magego ya utoto hung'oka kati ya miaka 9 na 12. Wa kwako ana miaka 4. Hesabu mwenyewe.

Basi nifanye nini?
Mswaki mara mbili kwa siku, na wa usiku haukosi. Baada ya hapo ni maji tu. Chupa ya maziwa kitandani ikome. Dawa ya meno iwe na floraidi (madini yanayoimarisha jino): kiasi cha punje ya mchele akiwa chini ya miaka 3, kisha punje ya njegere hadi miaka 6. Ateme, asisukutue. Na umpigishe wewe mpaka afike miaka 7 au 8, maana akijipigisha mwenyewe analamba dawa, magego ya nyuma hayaguswi. Juisi na biskuti ziende na mlo, zisiwe za kutafuna kutwa nzima.

Shavu limevimba. Nimpe amoksilini iliyobaki nyumbani?
Hapana! Usaha upo kwenye jino, dawa ya duka haiutoi. Mlete leo. Akiwa na homa, uvimbe ukifika jichoni au chini ya taya, au akishindwa kumeza, usingoje asubuhi: nenda hospitali usiku huohuo.