Kipotoshi kinakungoja: sayansi ya msingi kwa wanaojiandaa na mitihani ya ushindani

Sayari ipi ina joto kali kuliko nyingine zote katika mfumo wa Jua? A: Zebaki. B: Zuhura. C: Mirihi. D: Mshtarii.

Mtahiniwa aliyesoma juu juu hukimbilia A, na hoja yake ina mashiko: Zebaki ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua, na anayekaa karibu na moto ndiye anayeungua. Jibu ni B. Zuhura imefunikwa na hewa nzito ambayo takriban asilimia 96 yake ni kabonidayoksaidi, gesi inayonasa joto lisirudi angani. Ndiyo maana usoni pake halijoto hukaa karibu nyuzi 465 za Selsiasi, usiku na mchana. Zebaki haina blanketi hilo. Mchana hufika nyuzi 430 hivi, na usiku huporomoka hadi karibu 180 chini ya sifuri.

Nimeanza na swali hilo kwa sababu linaonyesha jinsi sisi watunzi wa mitihani tunavyofanya kazi. Jibu sahihi huandikwa mara moja. Jasho hututoka kwenye yale majibu mengine matatu, tunayoyaita vipotoshi. Kipotoshi kibovu hakimdanganyi mtu. Kipotoshi kizuri ni kile ambacho aliyeelewa nusu atakichagua huku akitabasamu, akaendelea na swali linalofuata bila wasiwasi wowote. Aliyekariri majibu bila sababu zake ndiye tunayemwekea mtego.

Chanzo kikubwa cha mitego hiyo ni lugha ya kila siku. Tunasema "uzito wangu ni kilo 60" na kila mtu anaelewa, lakini kwenye chumba cha mtihani sentensi hiyo ina kosa. Kilo 60 ni tungamo, yaani kiasi cha mata kilichomo mwilini mwako. Uzito ni kani ambayo Dunia inakuvutia nayo, na kani hupimwa kwa nyutoni. Hapa duniani kila kilo moja huvutwa kwa nyutoni 9.8, kwa hiyo uzito wako ni nyutoni 588. Ukipelekwa kwenye Mwezi, ambako mvutano ni kama sehemu moja ya sita ya huu wa kwetu, uzito utashuka hadi karibu nyutoni 97. Tungamo litabaki kilo 60 zile zile, kwa kuwa hakuna kipande cha mwili kilichobaki nyuma.

Sasa tuseme unajipima hukohuko mwezini. Mizani ya springi itasoma kama kilo 10, kwa sababu springi huhisi mvuto tu. Mizani ya mkono, ile yenye sahani mbili na mawe ya kupimia, itasoma 60, maana mvuto umepungua pande zote mbili kwa kiasi kilekile. Aliyeelewa hapo hawezi kuyumbishwa na swali la tungamo na uzito, hata ligeuzwe vipi. Na tukiwa bado mwezini: mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya kwa pamoja mbele ya kamera, vikafika chini pamoja. Hapa duniani kinachochelewesha unyoya ni hewa. Wepesi wake peke yake hauucheleweshi.

Jozi nyingine inayosumbua ni joto na halijoto. Halijoto, ambayo vitabu vingine huiita jotoridi, inaeleza kitu kina umoto wa kiwango gani. Joto ni nishati inayohama kutoka kwenye kitu chenye halijoto ya juu kwenda chenye halijoto ya chini. Chukua sufuria ya maji yanayotokota, uongeze moto. Halijoto ya maji itafanyaje? Wengi husema itapanda. Haipandi, inabaki pale pale kwenye 100, ila maji yatakauka haraka zaidi. Nishati yote unayoongeza inatumika kuyageuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo ina gharama kubwa. Kuipasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji kilojuli 336 hivi. Kuigeuza kilo hiyohiyo yote kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 2,260. Ndiyo sababu mvuke wa nyuzi 100 huunguza vibaya kuliko maji ya nyuzi 100: unapogusa ngozi hugeuka maji tena na kuimwagia nishati yote iliyokuwa imejificha ndani yake.

Hiyo 100 nayo ina sharti lake. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 pale kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, inapokuwa ya usawa wa bahari. Kwenye kilele cha Everest, mita 8,849 juu, hewa ni nyepesi na maji huchemka kwenye nyuzi 70 hivi. Ndani ya sufuria ya presha mambo hugeuka, yanakaribia nyuzi 120, na chakula huiva haraka. Swali likitaja mlima au presha, usiandike 100 kwa mazoea.

Kwenye biolojia mitego hujengwa kwa kanuni zilizokaririwa nusunusu. "Ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi, vena hubeba yenye oksijeni kidogo." Sentensi hiyo inasikika vizuri, na inawaangusha watu. Maana halisi ya ateri ni mshipa unaotoa damu kwenye moyo, na vena ni unaoirudisha. Basi ateri ya mapafu, inayopeleka damu kutoka moyoni kwenda kuchukua oksijeni, hubeba damu yenye oksijeni kidogo. Vena za mapafu hurudisha ile iliyokwisha kuipata. Na damu ya vena si ya buluu, hata kama michoro ya vitabuni huipaka rangi hiyo. Ni nyekundu iliyokoza.

Malaria nayo: "husababishwa na mbu," anaandika mtu kwa haraka. Mbu jike wa Anofelesi ni msambazaji. Kisababishi ni kimelea cha Plasmodiamu, ambacho si virusi wala bakteria, na Ronald Ross alikiona ndani ya mbu mwaka 1897. Kifua kikuu ni cha bakteria. Mafua na surua ni vya virusi, na hapo ndipo swali la viuavijasumu linapojibika lenyewe: dawa kama penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, hushambulia bakteria, kwa hiyo haifui dafu mbele ya mafua.

Mengine niyapitie haraka. Kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini ni ngozi. Kikubwa cha ndani ni ini, basi soma neno "ndani" mara mbili. Mtu mzima ana mifupa 206, mtoto mchanga anayo mingi zaidi kwa kuwa mingine huungana anapokua. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21 tu. Mtoaji wa damu kwa wote ni kundi O hasi, mpokeaji kutoka kwa wote ni AB chanya.

Alama za elementi zinahitaji neno moja zaidi. Sodiamu ni Na na potasiamu ni K, chuma ni Fe, risasi ni Pb, dhahabu ni Au. Herufi hizo zimetoka kwenye majina ya Kilatini, ndiyo maana hazifanani na majina tunayoyatumia. Mtunzi huweka S na P miongoni mwa vipotoshi, akijua fika kwamba S ni salfa na P ni fosforasi. Zebaki ni Hg, metali pekee iliyo kimiminika katika halijoto ya kawaida ya chumbani. Bromini nayo ni kimiminika, lakini si metali. Hapa Kiswahili chenyewe kinaongeza utata: zebaki ni metali, na Zebaki ni sayari. Kuna pia jina la zamani la sayari hiyo, Utaridi, lililotoka Kiarabu, ambalo vitabu vingine vya shule vililihamishia kwa Pluto. Ukikutana na Utaridi kwenye swali, angalia linazungumzia sayari ya karibu au ya mbali kabla hujajibu.

Pluto yenyewe inanileta kwenye vitabu vilivyochakaa. Tangu mwaka 2006 imehesabiwa kuwa sayari kibete, na sayari kamili zimebaki 8. Kitabu kikikuambia Mshtarii ndiyo yenye miezi mingi kuliko zote, tazama mwaka wa kuchapishwa: mwaka 2025 Zohali ilifikisha miezi 274 inayotambuliwa na kuiacha mbali. Elementi zinazotambulika sasa ni 118. Kilo yenyewe ilibadilishiwa msingi tarehe 20 Mei 2019. Haitegemei tena kipande cha metali kilichofungiwa Ufaransa, inategemea namba thabiti ya Planck, namba ya kifizikia isiyobadilika popote.

Kuhusu mazoezi, ushauri wangu ni mmoja. Unapopitia mitihani iliyopita, usiweke alama kwenye jibu sahihi ukageuza ukurasa. Shika vipotoshi kimoja kimoja, ujiulize kila kimoja kingekuwa jibu la swali gani. Swali linasema: homoni ya insulini hutengenezwa wapi? A: ini. B: kongosho. C: figo. D: wengu. Jibu ni kongosho. Lakini ini ndilo linalotengeneza nyongo, figo huchuja damu na kutoa mkojo, wengu huondoa seli nyekundu za damu zilizozeeka. Swali moja limekupa manne, na kwa uzoefu wangu moja kati ya hayo manne hujitokeza tena mtihani unaofuata.

Kwenye hesabu ndogo za fizikia, kagua vizio kabla ya kugusa namba. Gari lenye mwendokasi wa kilomita 72 kwa saa linakwenda mita 20 kwa sekunde; gawa kwa 3.6. Ukiona radi na kusikia ngurumo sekunde 6 baadaye, radi imepiga umbali wa kilomita 2 hivi, kwa kuwa sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi 20, na mwanga hufika karibu papo hapo. Anayesahau kugeuza mita kuwa kilomita atakuta kosa lake limeandikwa vizuri kabisa kwenye chaguo C.

Nimalizie na swali ninalolipenda. Glasi imejaa maji hadi ukingoni, na kipande cha barafu kinaelea juu yake. Kikiyeyuka, maji yatamwagika? Hapana, hata tone. Barafu inayoelea husukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake, na ikiyeyuka inageuka kuwa maji yanayoenea pale pale. Ukiambiwa ndani ya barafu hiyo kulikuwa na kijiwe, jibu linageuka: kilipokuwa kinaelea kilisukuma maji ya uzito wake, kikizama kinasukuma maji ya ujazo wake tu, ambayo ni machache, na usawa wa maji utashuka.