Kinga kali zaidi si lazima iwe kinga bora

Matangazo ya vidonge na juisi za "kuongeza kinga" yametuzoesha kuamini kwamba kadiri kinga inavyokuwa kali, ndivyo afya inavyokuwa njema. Si kweli, na imani hii ina madhara: kinga isiyodhibitiwa hushambulia mwili wenyewe.

Mwili una breki, na mojawapo ni adenosini, molekuli ndogo ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Seli zinapoumia humwaga ATP, molekuli ya nishati, ambayo nje ya seli huchochea kinga. Kisha vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) viitwavyo CD39 na CD73 huikatakata hadi iwe adenosini. Hii hujishikiza kwenye vipokezi vya A2A, protini zinazopokea ishara juu ya seli T, yaani seli za kinga zinazoshambulia; kiwango cha cAMP, molekuli inayopeleka ishara, hupanda ndani ya seli hizo, na mashambulizi hupungua. Mwaka 2001 watafiti Ohta na Sitkovsky walionyesha kuwa panya wasio na kipokezi hicho hupata madhara makubwa ya tishu kutokana na kichocheo kidogo cha kinga ambacho panya wa kawaida hukistahimili.

Saratani nazo huitumia breki hiyo: vivimbe vingi hujaa adenosini, seli T zikafika na kunyong'onyea. Ndiyo maana dawa za kuziba A2A zinajaribiwa kwa wagonjwa wa saratani.