Masundosundo: dhana zinazomlia mwanamke usingizi na pesa

Mara nyingi habari huanzia bafuni. Mwanamke anajiosha, kidole kinapita juu ya kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwapo. Anatia komeo, anachuchumaa juu ya kioo cha mkononi, anawasha tochi ya simu. Vinyama vitatu vya rangi ya ngozi, kimoja kimechanua kichwa kama koliflawa. Haviumi wala havitoi damu. Usiku ule halali.

Hayo ndiyo masundosundo, au chunjua za sehemu za siri. Huletwa na kirusi cha HPV, na aina ya 6 na ya 11 ndizo zinazohusika na takriban visa 9 kati ya 10. Hayaui. Kinachomchosha mwanamke, rohoni na mfukoni, huwa ni yale aliyoyasikia kabla hajamwona mtaalamu.

“Mmoja wetu katoka nje.”

Hii naiona ghali kuliko zote, kwa sababu huvunja nyumba. Kirusi kikishaingia, kinyama huweza kuota baada ya wiki kadhaa, baada ya miezi, hata baada ya miaka. Wengi walio nacho hawaoti chochote, na bado huambukiza. Hakuna kipimo kinachosema kiliingia lini wala kilitoka kwa nani. Kinyama cha leo kinaweza kuwa cha uhusiano uliokwisha kabla hamjajuana. Na HPV humpata karibu kila mtu anayefanya ngono, wakati fulani wa maisha yake. Lakini tazama inavyokwenda majumbani: aliyeonekana navyo ndiye anayesomewa mashtaka, na kwa kuwa mwanamke ndiye aliyekwenda kuchunguzwa, lawama humwangukia yeye.

“Hii ni saratani.”

Hapana. Saratani ya mlango wa kizazi hutokana na aina nyingine za HPV, hasa ya 16 na ya 18, ambazo zinahusika na takriban visa 7 kati ya 10. Mtu anaweza kubeba aina zaidi ya moja, hivyo uchunguzi wa mlango wa kizazi aufanye kwa ratiba ya umri wake kama mwanamke mwingine yeyote. Masundosundo peke yake hayadai vipimo vya ziada, ingawa wapo wanaolipia kipimo juu ya kipimo kwa woga tu.

“Ukishachomwa, imekwisha.”

Hapa ndipo pesa zinapoteketea. Kuchoma kwa umeme, kugandisha kwa naitrojeni, kupaka asidi au kukata huondoa kinyama. Kirusi hubaki kwenye ngozi ya jirani. Kwa hiyo vinyama hurudi, hasa katika miezi 3 ya kwanza. Mgonjwa ambaye hakuambiwa hivyo hudhani dawa ni feki, au kwamba ameambukizwa upya, akahamia kwa daktari mwingine na kuanza kulipa tangu mwanzo.

Matibabu yenyewe ni ya kurudiarudia. Kugandisha hufanywa kila baada ya wiki moja au mbili mpaka viishe. Podofilotoksini, ya kujipaka nyumbani, hupakwa mara mbili kwa siku kwa siku 3, unapumzika siku 4, kisha mzunguko unaanza tena, hadi mara 4. Krimu ya imikwimodi inaweza kwenda mpaka wiki 16. Sasa hesabu nauli, siku za kazi zilizopotea, na uongo wa kumwambia bosi kila wiki: leo jino, kesho mtoto anaumwa. Hivyo havimo kwenye risiti ya dawa.

Ndiyo maana siku ya kwanza ni vizuri kuuliza gharama ya safari nzima badala ya bei ya hudhurio moja, na kama kuna dawa ya kujipaka mwenyewe. Uliza pia kuhusu kusubiri. Vinyama vingine hunywea vyenyewe kadiri mwili unavyokishinda kirusi, na kwa mtu asiyesumbuliwa navyo, kuviangalia tu ni uamuzi unaokubalika kitabibu.

“Siki na kitunguu saumu vinatosha.”

Vinaunguza. Hata dawa ya chunjua za mikononi ni kali mno kwa ngozi ile. Matokeo yake ni kidonda juu ya kinyama, na bili mbili.

“Hutazaa, au utazaa kwa kisu.”

Masundosundo hayazuii mimba. Ujauzito unaweza kuyakuza, na baadhi ya dawa, podofilotoksini ikiwamo, haziruhusiwi wakati huo, kugandisha kunaruhusiwa. Wengi hujifungua kwa njia ya kawaida. Upasuaji hufikiriwa vinyama vikiziba njia au vikitishia kuvuja damu nyingi. Mtoto kupata vinyama vya koo hutokea, ila ni nadra.

“Kadogo hivi, unalilia nini?”

Dhana hii ni ya wahudumu wa afya, si ya wagonjwa. Kwa kuwa hakuui, basi hakuumizi? Mwanamke anazima taa kabla ya kuvua nguo, anabuni kichwa kuumwa kila mumewe akimsogelea, anajiona mchafu japo usafi hauhusiki hata kidogo. Wengine huingia kwenye sonona. Haya anapaswa kuulizwa palepale kwenye kitanda cha uchunguzi.

“Chanjo itaviondoa.”

Chanjo hukinga, haitibu vilivyokwisha kuota. Na si kila chanjo ya HPV inakinga masundosundo: lazima iwe na aina ya 6 na 11 ndani yake. Australia ilianza kuwachanja wasichana kwa chanjo ya namna hiyo mwaka 2007, na kufikia 2011 visa kwa wanawake wa chini ya miaka 21 vilikuwa vimeshuka kwa zaidi ya asilimia 90.

“Kila kinyama ni sundosundo.”

Kaswende nayo huotesha vinyama bapa, vyenye majimaji, na tiba yake ni penisilini. Vipo pia vinundu laini vilivyojipanga sawasawa pande zote mbili za mlango wa uke, ambavyo ni maumbile tu. Mwenye hivyo anaweza kuwa ameshanunua krimu mbili na kurudisha pete ya uchumba, ndipo aambiwe avae nguo zake aende nyumbani, hana ugonjwa.