Diski ya mgongo haitelezi

"Tabibu alinibonyeza, mgongo ukalia ko! Diski ikarudi mahali pake." Wengi tumeisikia hiyo. Ila diski, ule mto laini ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, haihami. Imeshikana na pingili za juu na chini yake. Kinachotokea ni ukuta wake kututumka au kupasuka, ute wa ndani ukachomoza na kubana mshipa wa fahamu, ndiyo maana maumivu hushuka hadi mguuni. Ule mlio? Gesi tu ndani ya kiungo.

Tabibu wa kairopraktiki (tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono) akikunyoosha taratibu anaweza kupunguza maumivu, sikatai. Sehemu ya diski iliyochomoza mara nyingi hunywea yenyewe polepole, kwa wiki au miezi. Lakini ukishindwa kuzuia mkojo, au ganzi ikiingia mapajani kwa ndani, usinyooshwe: nenda hospitali saa hiyo hiyo.